Jina la Bhoke: Asili Yake, Maana Yake, na Hukumu ya Kumwita Binti wa Kiislamu

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, suala lililotutia kuandika somo hili limetoka Nyasho, katika mji wa Musoma, kando ya ziwa Nyanza. Mwulizaji ni mtu wa pwani ambaye kazi ilimchukua bara, akakaa huko, akaoa mwanamke wa Kikurya aliyesilimu kabla ya ndoa. Naye mwenyewe akiri kuwa mkewe amshinda kwa swala na kwa funga. Wamejaaliwa mtoto wa kike. Mama ataka mtoto aitwe Bhoke, jina la bibi yake mzaa mama aliyemlea, naye amekwisha kufa. Mume hana neno, walakini nduguze walioko pwani wamempelekea maneno kuwa jina hilo ni la kikafiri, na kuwa mwenye kumpa mwanawe jina kama hilo ni kama amtoaye katika Uislamu kwa mkono wake. Siku ya saba imepita. Mama amwita mtoto Bhoke akiwa jikoni, baba amwita Mwanaisha mbele ya watu. Na mke amemwuliza mumewe neno ambalo hakuweza kulijibu, naye ametuletea sisi: "Mimi nilibadiliwa jina siku niliyosilimu, nami sikusema kitu. Je, jina langu lilikuwa na kosa gani?"

Jambo hili si dogo, kwani ndani yake mna mke na mume, mna haki ya mtoto, na mna watu wanaoihukumia dini yasiyokuwamo. Basi yatupasa kwanza tulijue jina lenyewe, kisha ndipo tulitolee hukumu. Maana wengi hulitia kosani neno wasilolijua maana yake kwa sababu tu masikio yao hayakulizoea.

Bhoke ni jina la wanawake wa Wakurya, watu ambao nchi yao imekatwa na mpaka. Wengine wako Tarime na Serengeti katika mkoa wa Mara, na wengine wako upande wa Kenya, katika wilaya za Migori. Mpaka huo waliuchora Waingereza na Wadachi mwaka 1886 kwa kalamu, wala hapana Mkurya aliyeulizwa. Kwa hivyo jina hili moja huandikwa kwa namna mbili: Tanzania huandikwa Bhoke, na Kenya huandikwa Boke. Wagusii wa milima ya Kenya, ambao lugha yao ni jirani ya Kikurya, wana jina la Nyaboke, na Nyaboke ni Bhoke huyo huyo aliyetanguliziwa "nya".

Na hii "nya" si ngeni kwetu kwa kazi yake, ingawa ni ngeni kwa sauti. Katika majina ya watu wa ziwani hutangulizwa jina la mwanamke, kama sisi wa pwani tulivyotanguliza "mwana" kwa heshima tukasema Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanakombo. Lau Nyaboke angalizaliwa Lamu, labda tungalimwita Mwana Asali.

Kwani maana ya jina hili ni asali. Wagusii asali huiita obooke, na Wakurya wakiulizwa Bhoke ni nini hujibu kuwa ni asali. Neno hili lina ndugu zake mbali sana: Wakikuyu nyuki humwita njuki, na asali huiita uuki. Sisi tuliliazima neno "asali" kwa Waarabu, walakini nyuki mwenyewe hatukumwazima, wala nta, wala mzinga. Hayo ni maneno yetu ya tangu zamani, na kwa nyuki sisi na hao watu wa bara tumeshikana. Basi mtu wa pwani amwambiaye mkewe kuwa jina la asali kwa Kikurya ni ukafiri, na kwa Kiarabu ni zuri, na aangalie asije akawa auabudu ulimi badala ya Mola wake.

Na asali katika dini yetu ina cheo kisichofichika. Iko sura nzima katika Kurani, sura ya 16, iliyoitwa kwa jina la nyuki, Annahl. Humo katika aya ya 68 na ya 69 Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa Yeye ndiye aliyemfunulia nyuki ajifanyie nyumba milimani na mitini na katika yale wajengayo watu, na kwamba matumboni mwake hutoka kinywaji cha rangi mbalimbali ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Na katika Hadithi za Bukhari na Muslim iko khabari ya mtu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kumshitakia tumbo la nduguye, akaamrishwa amnyweshe asali, akarudi kusema hakupona, akaamrishwa tena na tena, hatta akapona. Tena imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa Mtume alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Basi jina ambalo maana yake ni kitu alichokisifu Mungu na kukipenda Mtume, litakuwaje jina la kikafiri?

Huenda mtu akasema, "Maana nimeikubali, lakini hakuna katika Waislamu wa zamani aliyeitwa Asali." Na sisi twamwambia kwamba yuko. Waarabu asali iliyo katika masega yake huiita shuhd, na katika mji wa Baghdad alikuwako mwanamke mwanachuoni aliyeitwa Shuhda, binti Ahmad al-Ibari. Alikuwa bingwa wa khati hatta akaitwa al-Katiba, yaani mwandishi, na kwa elimu yake akapewa lakabu ya Fakhr an-Nisa, fakhari ya wanawake. Wanaume walikuja kukaa mbele yake wapokee Hadithi kwa ulimi wake. Alifariki mwaka 574 wa Hijra, ndio 1178 wa Miladi, naye alikuwa mzee sana. Hapana aliyesema kuwa Hadithi za mwanamke aitwaye sega la asali zina ila kwa sababu ya jina lake.

Sasa natuingie katika khabari ya kubadili majina, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) alibadili majina ya watu. Lakini aliyabadili yepi, na kwa sababu gani? Imo katika Sahihi ya Muslim kuwa binti wa Sayyidna Umar aliitwa Asiya, kwa herufi ya ain na swadi, maana yake mwenye kuasi. Mtume akamwita Jamila. (Na asichanganye mtu jina hili na la mke wa Firauni, ambalo huandikwa kwa alifu na sini, hilo ni jema, nasi twawaita binti zetu Asia tangu hapo.) Abdurrahman bin Auf katika ujahili jina lake lilikuwa la utumwa kwa asiyekuwa Mungu, likaondolewa. Na jina jingine alilolibadili ni Barra, yaani mwema mcha Mungu. Wake zake wawili, Bibi Zainab binti Jahsh na Bibi Juwairiya, wote waliitwa Barra kabla. Sababu ya kulibadili ni kuwa mtu asijitakase nafsi yake kwa jina lake.

Tafadhali msomaji usimame hapa kidogo. Majina yote hayo yaliyobadilishwa yalikuwa ni ya Kiarabu safi. Hapana hata moja katika hayo lililobadilishwa kwa kuwa si la Kiarabu, bali yalibadilishwa kwa ubaya wa maana, au kwa shirki, au kwa kujisifu. Na kinyume chake, Mukaukis mtawala wa Misri alipompelekea Mtume yule Bibi Maria wa Kikibti, ambaye jina lake si la Kiarabu, Mtume hakumwondolea. Alikaa nyumbani kwa Mtume akiitwa Maria, akamzalia mwana akiitwa Maria, na mpaka leo twamtaja kwa jina hilo hilo na kumtakia radhi.

Na mwana aliyezaliwa na Bibi Maria ni hoja nyingine katika suala letu. Mtume (s.a.w.) usiku ule ule aliozaliwa alimpa jina la Ibrahim, akawaambia watu kuwa amempa jina la baba yake, yaani Nabii Ibrahim. Basi kumwita mtoto kwa jina la mzee wake aliyetangulia kumbe si mila ya Wakurya peke yao. Katika nyumba ya Mtume imefanywa. Tena hapa pana faida ya pili kwa mwulizaji wetu aliyesikitika kuwa siku ya saba imempita: Imam Nawawi amesema ni sunna kumpa mtoto jina siku ya saba au siku ya kuzaliwa. Iliyopita imepita, ampe leo, na akika yake aichinje apatapo uwezo.

Hatutaki kudhaniwa kuwa majina yote ya asili ni mamoja. Huko huko mkoa wa Mara, katika Butiama, alizaliwa mwaka 1922 mtoto wa mtemi wa Wazanaki, siku ya mvua, akaitwa Kambarage. Ndiye Julius Nyerere aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Tanganyika na wa Tanzania. Jina la Kambarage ni la mzimu ambao Wazanaki waliunasibisha na mvua. Mwenyewe hakuwa Muislamu, wala hukumu yetu haimwendei yeye. Twalitaja kwa mfano tu. Muislamu akituuliza kama amwite mwanawe jina la mzimu wa mvua, tutamwambia asifanye, kwani mvua ni ya Mungu. Lakini akituuliza kama amwite mwanawe Mvua, hapana ubaya, na pwani wako walioitwa Masika.

Pana jambo jingine limejificha nyuma ya jina la Bhoke, na hilo yataka lisemwe wazi na mama wa mtoto aambiwe kwa upole. Katika watu wa bara ile, Wakurya na Wagusii na Wajaluo, mtoto hupewa jina la mzee aliyekufa, na wengine huambatanisha na itikadi kuwa roho ya yule mzee imerudi au yamlinda mtoto, na kuwa mtoto akilia sana ni marehemu adai jina lake. Wajaluo jina hilo huliita la juogi, yaani la roho ya marehemu. Itikadi hii Uislamu hauikubali. Aliyekufa yuko kwa Mola wake, wala haji kulia kwa kinywa cha mtoto. Walakini itikadi ni kitu na jina ni kitu kingine. Mama akimwita mwanawe Bhoke kwa mapenzi ya bibi aliyemlea, na kwa kumkumbuka, hilo ni wema. Akimwita kwa kuogopa marehemu asikasirike, na aiache hofu hiyo, kisha jina alibakishe akitaka. Sisi hatukuona katika maneno yaliyotufikia alama yoyote ya hofu hiyo, bali tumeona mapenzi.

Sasa natujitazame sisi wenyewe watu wa pwani, ambao twajiona majina yetu yote yameshuka na Kurani. Bibi Hadija, mama wa waumini, jina lake kwa Kiarabu latokana na neno la mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia. Bibi Fatuma ni mwenye kuachishwa ziwa. Bibi Aisha, ambaye sisi twamwita Asha, na Esha, na Mwanaisha, ni mwenye kuishi, na neno "maisha" tulitumialo kila siku ni la shina hilo hilo. Majina haya yalikuwako kabla ya kushuka Kurani. Wazazi wa Kiarabu waliyatoa katika mambo ya nyumbani, ya uzazi na maziwa na uhai, kama Mkurya alivyolitoa lake mzingani. Hayakupata utukufu kwa lugha yake, yaliupata kwa wanawake walioitwa kwayo.

Na wazee wetu hawakuyaona haya majina ya kwao. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeutunga mwaka 1858 utendi wa kumuusia binti yake, ambao wengi wenu mmelelewa nao, jina lake ni Kupona, na kupona ni neno la Kiswahili kitupu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mtamtafuta Muyaka katika kamusi za Kiarabu msimwone. Na mashairi ya Muyaka yasingalitufikia lau si mwanachuoni wa Mombasa aliyeyakusanya, naye ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Mwanachuoni jina lake Sikujua! Hapana aliyesimama msikitini akamwambia abadili jina ndipo asomeshe.

Ila katika majina yetu hayo hayo ya pwani yako ambayo kwa kweli yangefaa kuangaliwa kuliko hilo la Bhoke. Twawaita watoto Tabu, na Shida, na Mashaka, kisha twatoka kwenda kumlaumu mtu wa Nyasho kwa asali yake. Na alizaliwa Fumba katika Unguja, mwaka 1880, mtoto wa kike akaitwa Mtumwa, kwa kuwa wazazi wake walikuwa na asili ya utumwa. Jina hilo alilichukua mpaka ukubwani, ndipo akaitwa Siti, yaani bibi, na kwa jina la Siti binti Saad akasikilizwa pwani yote mpaka kufa kwake mwaka 1950. Huo ndio mfano wa jina lililostahili kuondolewa, kwani lilimdhili mwenyewe kila alipoitwa. Na walioliweka na waliolizoea walikuwa ni Waislamu.

Ama yale waliyomwambia nduguze kuhusu Kiyama, yako katika Hadithi ya Abu Daud, iliyopokewa kwa Abu Dardai, kwamba watu wataitwa siku hiyo kwa majina yao na ya baba zao, basi wayafanye mazuri majina yao. Na Abu Daud mwenyewe ametanabahisha kuwa aliyeipokea hakukutana na Abu Dardai, kwa hivyo isnadi yake imekatika. Lakini tuikubali vivyo hivyo, kwani maana yake ni njema. Je, imesema majina ya Kiarabu? Imesema mazuri. Bhoke binti fulani ataitwa, naye ataitika.

Tena hatta katika jina baya, tazameni adabu ya Mtume. Alimjia mtu aitwaye Hazn, yaani ugumu, Mtume akataka awe Sahl, yaani wepesi. Yule mtu akakataa, akasema habadili jina alilopewa na baba yake. Mtume hakumlazimisha wala hakumtoa katika Uislamu. Mjukuu wake ndiye Said bin al-Musayyab, katika wakubwa wa wanavyuoni wa Madina, naye alikuwa akisema kuwa ugumu ule ulisalia katika ukoo wao. Basi ikiwa mwenye jina baya hakulazimishwa, mwenye jina zuri atalazimishwaje?

Mwulizaji ameuliza pia ni nani mwenye haki ya kumpa mtoto jina, baba au mama. Ibn al-Qayyim ametaja kuwa wakigombana, haki ni ya baba. Basi haki ni yako, ewe ndugu yetu. Ukipenda jina la Mwanaisha kwa kulipenda, mpe, nalo ni jina tukufu, lakini mwambie mkeo kuwa umelipenda wewe. Usimwambie kuwa dini imelikataa la bibi yake, kwani hapo utakuwa umemzulia Mungu, tena umemfundisha mwanamke aliyesilimu juzi kuwa Uislamu ni kuwachukia waliomlea. Na rai yetu sisi, ikiwa wataka rai, ni Bhoke. Nduguzo wa pwani wataizoea kwa mwaka mmoja.

Limebaki la kuliandika. Ile "bh" ya Kikurya si "b" yetu. Midomo hukaribiana isigusane, pumzi ikapita katikati, nasi watu wa pwani hatuna herufi yake, tutasema Boke, na haidhuru. Kwa cheti cha kuzaliwa aandike Bhoke kama mamake aandikavyo. Ama kwa herufi za Kiarabu, ataandika be yenye dhumma na wau, kisha kafu yenye kasri na ye. Lakini ajue kuwa khati ile haitofautishi "o" na "u", wala "e" na "i", na msomaji wa pwani asiyejua khabari atasoma Buki, akadhani mtoto ni wa Bukini, maana ndivyo wazee walivyokiita kisiwa cha Madagaska. Basi barua ziendazo pwani na amwandike kwa herufi zote mbili.

Na lile suala la mkewe, kuwa jina lake la kwanza lilikuwa na kosa gani, hatuwezi kulijibu, kwani hatukuandikiwa lilikuwa jina gani. Na atuandikie mwenyewe kwa mkono wake, na maana yake, nasi tutamjibu yeye.